Naitwa "viti maalumu" kazini, naombeni ushauri

Ndugu zangu, nipo Mafinga, kiwanda cha mbao. Uongozi umeamua kila zamu iwe na msimamizi msaidizi mwanamke, nami nimeteuliwa. Kazi naijua: nilianza kupanga mbao, nikahamia kupima unyevu kwenye tanuru la kukaushia, na cheti cha VETA ninacho. Lakini wanaume wa zamu yangu wananiita "viti maalumu". Nikitoa maelekezo wanamtazama kwanza msimamizi mkuu, naye anacheka tu. (Mzee mmoja wa msumeno ndiye anayenisikiliza, Mungu ambariki.)

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa jinsia, na kinasema hatua za kuleta usawa si ubaguzi. Ila nikianza kuwasomea vifungu si ndo watanicheka zaidi? Mume wangu anasema nirudi kwenye mbao zangu, posho yenyewe kiduchu. Sitaki.

Niandike malalamiko rasmi, nipitie chama cha wafanyakazi, au nimalizane nao hukohuko kwenye zamu? Halafu nina mimba ya miezi minne; nikitoka likizo ya siku 84 nafasi nitaikuta? Akina dada mliopitia haya, mlifanyaje?