Washiriki wanakata simu katikati ya dodoso, turekebishe nini?

Swali: Wakuu, dodoso letu la simu kuhusu sabuni za kufulia lina maswali 48, dakika 30 hivi. Wengi hukata wakifika kwenye kipato. Zawadi ni vocha ya sh. 1,000, hutumwa baada ya wiki mbili. Tuanzie wapi?

Jibu 1: Dakika 30 kwa simu ni nyingi mno, punguza hadi 15. Kipato kiende mwisho, na umsomee makundi (chini ya laki mbili, laki mbili hadi tano), usimdai kiasi kamili. Maswali ya kuchuja (ya kujua kama mtu anafaa kuhojiwa) yaishe ndani ya dakika mbili za mwanzo. Kumhoji mtu dakika 12 kisha kumwambia hafai ni dhuluma. Naye apewe chochote.

Jibu 2: Vocha itumwe siku hiyohiyo. Pia muulize yuko mtandao gani. Tanzania mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake tangu 2017, kwa hiyo ukikisia kwa tarakimu za mwanzo, vocha haifiki na yeye anaona ametapeliwa.

Jibu 3: Naongezea skeli, yaani alama za kupima kuridhika. Ya 1 hadi 10 huchosha sikio, watu hujibu 10 tu ili yaishe. Gawa mara mbili: "Umeridhika au hukuridhika?" kisha "Sana au kiasi?" Na kabla ya yote mweleze nani anauliza, itachukua muda gani, na kwamba anaweza kuacha wakati wowote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu ninyi pia.

Muuliza swali: Asanteni. Naanza na kipato na vocha leo.