Diwani anapokataa kuwasilisha taarifa ya uongo: ajiuzulu au abaki?

Diwani wa Mpakani (Tororo)

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni diwani wa LC3, yaani baraza la ngazi ya subkaunti, katika upande wetu wa mashariki mwa Uganda, na kwa kipindi hiki ndiye mwenyekiti wa kamati inayosimamia barabara na maji. Mwezi uliopita tuliletewa taarifa iliyosema kwamba visima vitatu vya pampu vimekarabatiwa na mkandarasi amekwisha kulipwa. Kimoja kati ya visima hivyo kiko karibu na kwa shemeji yangu, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada nikapita kukiona. Mkono wa pampu ulikuwa bado umefungwa kwa mpira wa baiskeli kama mwaka jana, majani yalikuwa yameota ndani ya mfereji wa saruji, na akina mama walikuwa wakipita na madumu yao ya njano kuelekea chemchemi ya bondeni. Kitu kipya kilikuwa kibao cha buluu chenye jina la mradi na mwaka wa fedha.

Nilipouliza katika kikao, niliambiwa kwa upole kwamba taarifa imeshafika wilayani, na kwamba kilichobaki ni mimi kuisoma mbele ya baraza kwa niaba ya kamati. Sijaisoma. Mke wangu anasema niandike barua niondoke kabla jina letu halijachafuka. Diwani mwenzangu, ambaye namwamini, anasema nikiondoka kiti hiki atapewa mtu atakayeisoma bila hata kumeza mate. Naomba ushauri wa watu waliowahi kufikiria jambo hili kwa undani: je, katika hali kama yangu, kujiuzulu ni uadilifu, au ni kuwafungulia njia?

Mstaafu wa Mbale

Ndugu Diwani, nilitumikia serikali za mitaa mpaka nikastaafu, na barua nyingi za kujiuzulu zimepita mezani kwangu. Kisheria jambo lenyewe ni jepesi. Ibara ya 252 ya Katiba ya 1995 inataka maandishi yenye saini yaliyoelekezwa kwa mamlaka iliyokuteua au kukuchagua, na haikulazimishi kutaja sababu yoyote. Wepesi huo ndio unaowaponza wengi, kwa kuwa mtu huondoka na siri yote kifuani.

Wasomaji wa Kiswahili tunapozungumzia kujiuzulu, mfano wa kwanza huwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Katika miaka ya 1970, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania, watuhumiwa waliteswa na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Yeye hakuwapiga wala hakutoa amri hiyo, lakini waliofanya hivyo walikuwa chini ya wizara yake, naye akakubali kubeba dhamana na akaachia uwaziri. Alipelekwa Misri kuwa balozi, na mwaka 1985 Watanzania wakamfanya rais wao. Nautaja mfano huu kwa sababu watu huutumia vibaya. Mwinyi aliondoka kwa kuwa kosa lilitendeka ndani ya nyumba aliyoiongoza. Wewe hukujenga kisima wala hukugusa fedha. Ulichokabidhiwa ni kukagua, na kazi hiyo umeifanya kwa macho yako mwenyewe siku ya Jumapili. Mkaguzi akiondoka siku ile ile aliyoligundua kosa, daftari anamwachia nani? Ushauri wangu ni kwamba ubaki, ukatae kuisoma taarifa hiyo, na useme wazi kwa nini umekataa.

(Kwa watumishi wa umma mizani ni tofauti, kwani anayejiuzulu hivi hivi huhatarisha pensheni yake, ilhali aliyefikisha umri wa miaka 45 na utumishi wa miaka 10 anaweza kuomba kustaafu mapema. Diwani hana kikwazo hicho.)

Mwalimu wa Arua

Mzee wangu, nakuheshimu sana, lakini hapa sikubaliani nawe. Nimekaa katika kamati za shule na za kanisa kwa miaka mingi, na nimeona jinsi mtu mwema anavyozoea. Kikao cha kwanza anapinga, cha pili ananyamaza ili amani iwepo, na cha tatu anapokea posho ameinamisha kichwa, na hakuna aliyemlazimisha. Anayesema "nabaki ili nirekebishe" ajiwekee tarehe, na tarehe hiyo ikipita bila chochote kubadilika, aondoke. Nchi yetu ina watu waliofanya hivyo katika hali ngumu kuliko hii. Edward Rugumayo, waziri wa elimu wa Idi Amin, alijiuzulu mwaka 1973 akiwa nje ya nchi, wakati ambapo kumkataa Amin kulikuwa ni kuhatarisha uhai. Na mwaka 2003 Eriya Kategaya, Bidandi Ssali na Miria Matembe walijiuzulu uwaziri kwa kupinga kuondolewa kwa ukomo wa mihula ya urais.

Mama wa Busia

Mwalimu, nakuomba radhi kwa kukusahihisha, lakini jambo hili lina uzito. Hao watatu hawakujiuzulu. Walisema wazi kwamba hawakubali, wakaendelea kukaa kwenye viti vyao, kisha baraza la mawaziri lilipobadilishwa mwezi Mei 2003 majina yao hayakuwemo. Matembe ndiye aliyekuwa waziri wa maadili na uadilifu, na Bidandi Ssali ndiye aliyekuwa waziri wa serikali za mitaa, wizara inayosimamia mabaraza kama hilo la ndugu Diwani. Ukomo uliondolewa hata hivyo, mwaka 2005, na Kategaya alirudi serikalini mwaka 2006. Lakini hakuna Mganda aliyehitaji kukisia kwa nini waliondoka, kwa sababu walikwisha kusema wakiwa bado ndani.

Nasema hivi kwa uchungu, maana mimi nilifanya kinyume chake. Niliwahi kuwa diwani, nikaletewa orodha ya waliopokea mbegu za kilimo, na ndani yake mlikuwa na jina la jirani yangu tuliyekuwa tumemzika miezi mitano kabla. Niliona aibu na hofu kwa pamoja. Nikaandika barua ya mistari minne, nikasema najiuzulu "kwa sababu za kifamilia". Walinishukuru kwa utumishi wangu, wakaninunulia kitenge, na mwenzangu aliyepewa kamati alitia saini orodha ile bila swali. Mpaka leo mjane wa yule jirani hajui kwamba marehemu mumewe "alipokea" mbegu. Barua yangu iliwasaidia wao, kwa sababu iliwaondolea mtu aliyejua na haikuacha alama yoyote.

Kwa hiyo, ndugu Diwani, swali la kubaki au kuondoka lisikutangulie. Tangulia kuhakikisha kwamba pingamizi lako limeandikwa katika kumbukumbu za kikao, kwa maneno yako, pamoja na jina la kijiji na siku uliyokwenda. Omba nakala ya hati ya malipo kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2005 inawapa siku 21 za kukujibu. Ipo pia sheria ya 2010 ya kuwalinda wanaotoa taarifa za uovu, na unaweza kumpelekea IGG, yaani Inspekta Mkuu wa Serikali anayechunguza rushwa, habari yako chini ya sheria hiyo. Ukishafanya hayo, hata ukijiuzulu, barua yako itakuwa na kitu cha kuegemea. Na tafadhali, usiandike "sababu za kifamilia".

Mwalimu wa Arua

Mama, nimekubali sahihisho, na nashukuru kwa kutueleza jambo ambalo halikuwa rahisi kulieleza. Hoja yangu ya tarehe naishikilia bado.

Diwani wa Mpakani (Tororo)

Nimesoma yote pamoja na mke wangu, na ile barua ya mistari minne tuliisoma mara mbili. Leo asubuhi nimemwendea karani wa baraza nikamwomba kumbukumbu za kikao kilichopita. Swali langu limeandikwa humo kama "mheshimiwa alitaka ufafanuzi, ukatolewa". Nimemwandikia kwamba ufafanuzi haukutolewa, na nimeomba marekebisho hayo yasomwe kabla kumbukumbu hazijathibitishwa siku ya Alhamisi. Jumamosi nitakwenda kuviona visima viwili vilivyobaki pamoja na kamati za watumiaji wa maji, na hao ndio watakaotia saini tutakachokikuta. Tarehe niliyojiwekea, Mwalimu, ni mwisho wa robo hii. Barua nimeanza kuiandika, na sababu iko kwenye mstari wa kwanza.