Bia ya nyumbani inanukia ndizi na haina uchungu: kosa ni hamira au hopsi?

KimeaPwani
Wakuu, naomba msaada. Niko Dar, napika pale ale (bia ya rangi ya dhahabu yenye uchungu wa wastani) lita 20. Kimea cha unga kilichokaushwa kilo 2.7, hamira ya SafAle US-05 pakiti moja ya gramu 11.5, hopsi (maua yanayotia bia uchungu na harufu) aina ya Cascade gramu 30 zenye asidi za alfa, chanzo cha uchungu, asilimia 6. Hopsi zote natia zikibaki dakika 15 nizime moto. Haidromita (kipima uzito wa maji yenye sukari) inaanza 1.050 na kutua 1.012, kwa hiyo kuchacha inachacha. Chumba kina nyuzi 29 hadi 30. Bia inatoka na harufu ya ndizi, inachoma koo kama spiriti, halafu tamutamu. Nibadili hamira au niongeze hopsi?

NdooYaBuluu
Mkuu, ndizi na kuchoma koo ni joto. US-05 mtengenezaji mwenyewe anaishauri nyuzi 18 hadi 26. Na joto la chumba si joto la ndoo: hamira ikichangamka inapandisha nyuzi 2 hadi 4 juu ya hewa ya nje, hivyo yako inachacha kwenye 32 au zaidi. Hapo inazaliana mbio na kumwaga esta (ndiyo ndizi hiyo) pamoja na alkoholi nzito (ndiyo moto wa kooni). Hizo za mwisho hata ukiiweka bia stoo miezi, haziondoki.

Saa 72 za mwanzo ndizo za kulinda. Usitie hamira kabla maji ya kimea hayajashuka hadi nyuzi 20. Maji ya bomba ya Dar ni ya vuguvugu, kwa hiyo poza sufuria mara mbili: kwanza beseni la maji ya kawaida, kisha beseni la maji na barafu. Barafu isiingie ndani ya sufuria, ina vijidudu vyake. Ndoo ikae kwenye beseni la maji yanayofika nusu yake, na chupa mbili za lita 1.5 zilizogandishwa, ubadilishe asubuhi na jioni. Bandika kipimajoto ubavuni mwa ndoo. Siku ya nne acha ipande hadi 24, hamira imalizie kula mabaki yenye harufu ya siagi.

MchemshaHopsi
Utamu ni suala jingine kabisa: uchungu wa hopsi haujatoka wa kuusawazisha. Asidi za alfa haziyeyuki vizuri wala hazina uchungu wa maana mpaka zichemke na kubadilika umbo, na hilo linataka muda. Kwa maji ya kimea ya 1.050, dakika 60 zinakupa takriban asilimia 23 ya asidi hizo. Dakika 15 zinakupa 11 na ushei. Piga hesabu: gramu 30 × 0.06 × 0.115 × 1000 ÷ 20 = IBU 10 (IBU ni kipimo cha uchungu wa bia). Pale ale inataka 30 na kuendelea. Tia gramu 45 mwanzoni mwa dakika 60, upate kama 31, kisha gramu 20 zikibaki dakika 5 kwa ajili ya harufu tu.

Nusa pakiti pia. Hopsi zilizokaa dukani kwenye joto zinanuka jibini kuukuu, na ile asilimia 6 ya kwenye karatasi haipo tena. Zikae friza, pakiti imebanwa hewa yote itoke.

NyuziArobaini
Kama umeme wako wa kukatika-katika, achana na mapambano ya barafu. Tafuta kveik ya Voss, hamira ya wakulima wa magharibi mwa Norwei: inapenda nyuzi 35 hadi 40, inamaliza kwa siku tatu nne, inaacha harufu ya chungwa badala ya ndizi. Kwa bia nyepesi iongezee chakula cha hamira, la sivyo inasuasua.

Kuna watakaokwambia uvalishe ndoo taulo bichi. Dodoma sawa, Dar hewa imejaa unyevu, maji hayakauki haraka, joto linashuka kidogo tu.

KimeaPwani
Asanteni. Na sukari ya chupani, ya kutengeneza gesi?

NdooYaBuluu
Gramu 120 kwa lita 20, uichemshe kwanza kwa maji kidogo. Ila usijaze chupa mpaka haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo. Ukiwahi, chupa zinapasuka, na vioo vyake vinaruka mbali.