Walionichimbia kiwanja Gezaulole wakitafuta rupia: ruhusa mlipewa na nani?

Wakuu, habari za jioni. Wasimamizi wa jukwaa, naomba uzi huu usiunganishwe na zile za "nauza rupia", yaani sarafu za zamani za enzi za Mjerumani, na "natafuta mteja wa mali za Mjerumani". Mimi siuzi wala sinunui. Mimi nimechimbiwa.

Nina kiwanja cha urithi Kigamboni, upande wa Gezaulole. Marehemu baba alikinunua kikiwa shamba la minazi, baadaye tukakipima, kina bikoni nne, zile nguzo fupi za zege za kuonyesha mpaka, na hati ipo. Baba mwenyewe amezikwa humo humo, karibu na mwembe. Mimi nakaa Tabata, kwa hiyo naenda mara moja au mbili kwa mwezi, navuka daraja, nakagua, nafyeka panapohitaji kufyekwa, narudi. Yupo kijana ananiangalizia, amejengewa kibanda pale getini na nyumba ya jirani iko hatua chache tu.

Jumapili iliyopita nafungua geti, naona vichuguu vya mchanga kila upande. Nilidhani ni fuko. Nikasogea. Ni mashimo, wakuu. Nimeyahesabu mara mbili, ni 14. Mengine ya kuingia mkono, mengine ya kuingia ndoo, na moja nilipoteremka ndani likanifika kifuani. Kandokando wameacha walichokitoa: vizibo vya soda, misumari yenye kutu, kipande cha bati, jembe lililokatika shingo. Na vigae vya vyungu wamevitupa huko kwenye majani kwa sababu mashine yao ya kutafuta chuma ardhini hailii kwenye udongo wa kufinyanga. Hayo ya vigae nitayarudia.

Bikoni ya kona ya chini, ile yenye namba, nimeikuta imelala chali pembeni ya shimo lake. Waling'oa bikoni! Ndani ya ule mhimili wa zege kuna nondo, kwa hiyo mashine ilipopita ikapiga kelele, na wao wakachimba. Mtu umebeba kifaa cha kusoma chuma ardhini, umeona zege lenye namba limesimama konani mwa kiwanja, na bado unalichimbua? Nimemuuliza mpima, kufufua bikoni moja tu nimetajiwa laki tatu na nusu. Na jirani wa upande huo tulishawahi kusuguana kuhusu mpaka, tukayamaliza kwa shida mbele ya mjumbe. Sasa mnataka nikaanze upya?

Shimo la mwisho lilikuwa hatua tatu kutoka kaburini kwa baba. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Kijana nilipombana akaeleza. Walikuja watu watatu na Noah nyeupe, siku ya katikati ya wiki, mashine mbili kwenye mabegi. Wakamwambia, "Bosi wako anajua, sisi tumetumwa." Wakamwonyesha kwenye simu picha ya sarafu ya dhahabu yenye tembo, wakamwambia Mjerumani alizika sanduku zima maeneo haya na mashine yao inashuka mita tatu. Wakampa elfu hamsini. Kisha wakachana karatasi ya kaunta buku wakamwandikisha. Karatasi ninayo, nanukuu kama ilivyo: "Mimi msimamizi wa eneo hili nimeridhia kwa hiari yangu vipimo vifanyike. Kitakachopatikana wageni asilimia 70, wenyeji asilimia 30." Chini kuna dole gumba. Jina langu halipo. Tarehe haipo. Namba ya kiwanja haipo. Wenyeji ni nani hapo?

Kijana ananiambia, "Mama, nilijua umewaruhusu, walikuwa wanakutaja." Kunitaja! Wanitaje wasinijue? Ukutani pale getini kuna maandishi mekundu makubwa: KIWANJA HIKI HAKIUZWI, na namba yangu ya simu chini yake. Waliipita hiyo namba wakiingia, wakaipita wakitoka. Kupiga simu kungewagharimu shilingi ngapi?

Mmoja wao aliacha namba kwa kijana ili aitwe akisikia lolote. Nikampigia. Anapokea kwa upole kabisa: "Dada, usipaniki, sisi tulipewa ruhusa, karatasi si unayo?" Nikamwambia aliyesaini ni mlinzi. Akasema, "Ndiyo tuliyemkuta." Wakuu, sentensi hiyo haijanitoka masikioni mpaka leo. Ndiyo tuliyemkuta. Kwa hiyo wangemkuta dada wa kazi, ruhusa ni ya dada wa kazi. Wangemkuta fundi anapaka rangi, ruhusa ni ya fundi. Mlinzi kazi yake ni kulinda, hawezi kugawa alichopewa akilinde! Ruhusa ya kuchimba ardhi inatoka kwa mwenye ardhi, na kama ni ya familia, inatoka kwa familia ikiwa imekaa.

Na hilo sanduku la Mjerumani, nimeshinda wiki nzima nikisoma ili nijue baba yangu kasumbuliwa kwa ajili ya kitu gani. Ile sarafu ya tembo ni ya rupia 15, iligongwa Tabora mwaka 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia imepamba moto na Mjerumani hapati tena fedha kutoka kwao kwa sababu Mwingereza kafunga bahari. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Mwaka huo huo mwezi Septemba Tabora ikaanguka, na Dar es Salaam nayo ikaingia mikononi mwa Waingereza mwezi huo huo. Serikali ya Mjerumani ilikuwa imeshakimbilia bara. Sasa nielezeni, dhahabu iliyogongwa Tabora katikati ya vita ilirudije pwani, inakotazamwa na meli za Mwingereza, ije izikwe kwenye minazi ya Gezaulole? Rupia za kawaida za fedha na zile sarafu ndogo za shaba zilizoitwa heller zilizunguka kweli pwani yote, hilo sibishi, bibi zetu walizitumia. Mtu anaweza kuokota moja akilima. Lakini sanduku?

Na hizo mita tatu ni uongo mtupu. Mashine hizi za kushika mkononi zinatuma mawimbi kwenye koili, chuma kikijibu inalia. Sarafu moja ndogo ikizidi sana ni sentimita 20 au 30. Ili usome chini zaidi, kitu chenyewe kiwe kikubwa kama ndoo au pipa. Kwa hiyo lile shimo la kunifika kifuani mashine haikuwaambia kitu, walichimba kwa tamaa tu.

Narudi kwenye vigae. Gezaulole ndiyo Mbwamaji ya zamani, mji wa Waswahili uliokuwepo kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Kuna makaburi na mabaki ya msikiti wa kale maeneo yale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na inakataza kuchimba kutafuta vitu hivyo bila leseni. Yaani hata mimi mwenyewe mwenye hati siruhusiwi kujichimbia hivyo. Wao wamevitupa kwenye majani.

Na kabla hamjaja na hoja ya "madini ni ya serikali, hati haikupi kilicho chini", najua. Najua hati yangu hainipi madini. Lakini na wewe Noah haikupi. Anayetafuta madini anakuja na leseni, na hata huyo mwenye leseni Sheria ya Madini ya 2010 inamtaka apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali akitaka kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba ya watu. Leseni yenu iko wapi? Ridhaa yangu iko wapi?

Nimekwenda serikali ya mtaa, nikaulizwa, "Umeibiwa nini?" Nimekwenda kituoni, nikaulizwa thamani ya mali iliyopotea. Nikasema hakijapotea kitu, nimechimbiwa kaburini kwa baba yangu na bikoni imeng'olewa. Aliyekuwa mezani akaweka kalamu chini. Ilibidi nirudi siku ya pili na kaka yangu mkubwa na picha zilizosafishwa studio ndipo jalada likafunguliwa.

Kinachoniuma zaidi, wakuu, mngenipigia simu huenda ningekubali. Nasema kweli. Mngekuja na vitambulisho, tukapitia kwa mwenyekiti wa mtaa akawajua, tukaandikiana kwa majina kamili na tarehe: mnaanza saa ngapi, mnaishia wapi, kwenye kaburi hamsogei, bikoni hamgusi, mkitoboa mnafukia palepale na majani yake juu, kikionekana kitu cha kale mnasimama, rupia ikipatikana inaonekana mbele ya wote ndipo tugawane. Mimi mwenyewe ningekaa kwenye kigoda nikatazama, maana hata mimi ningependa kujua ardhi ya baba ina nini. Saa nzima ya mazungumzo ndiyo mliyoikimbia.

Kijana sijamfukuza, maana walimdanganya kwa jina langu. Elfu hamsini ameitoa mwenyewe, iko kwenye bahasha pamoja na ile karatasi, polisi wanayo nakala.

Mwenye ile namba najua unasoma humu, maana uliniambia mwenyewe kwamba wateja wako unawapata mitandaoni. Mpima anakuja Jumamosi saa tatu asubuhi. Njoo na laki tatu na nusu ya bikoni, na wenzako, na majembe yenu. Lile shimo la kwa baba nimelifukia mwenyewe Jumapili ile ile kwa jembe la kuazima kwa jirani. Yale 13 nimeyazungushia makuti watoto wasitumbukie, yanawasubiri.