Naomba ushauri: kinoa yangu ina uchungu na inakuwa rojorojo

Habari zenu wapendwa. Nina wiki 3 najifunza kupika kinoa (quinoa, punje ndogo zinazopikwa kama wali), kwa sababu mama yangu hawezi kula ngano na natamani sana apate chakula cha kufurahia.

Najua uchungu unatokana na saponini, yaani kemikali chungu zinazotoa povu, zilizo kwenye ganda la punje. Naziosha kwenye chujio lenye matundu madogo mpaka povu liishe, lakini bado kuna ukakasi unaobaki kooni. Je, niziloweke kwanza? Kwa muda gani?

Upande wa maji, kikombe 1 cha kinoa natia vikombe 2, nafunika, moto mdogo, dakika 15. Kile kiuzi cheupe cha kila punje kinajitokeza vizuri, kwa hiyo imeiva, ila chini ya sufuria inabaki rojorojo. Nafikiria kupunguza maji hadi kikombe 1 na robo tatu, kisha nikishaepua niiache imefunikwa dakika 5 kabla ya kuichambua kwa uma. Aliyejaribu hivyo aniambie.

Ladha ndiyo inayonisumbua zaidi. Juzi nilizikaanga punje bila mafuta mpaka zikanukia kama karanga, nikatumia supu ya kuku badala ya maji, na mwishoni nikakamulia ndimu na kunyunyizia majani ya giligilani. Mama alimaliza sahani yote, mara ya kwanza tangu nianze! Lakini siwezi kumpa hiyo hiyo kila siku. Viungo gani vingine vinapatana nayo? Mnavitia mwanzoni au ikishaiva? Na chumvi je?