Mrejesho: paa la nyumba ya kuuza, Mtwara

Wakuu, niliuliza nianze na nini kwenye nyumba ya vyumba vitatu Shangani kabla ya kuiuza: rangi, vigae au paa? Mlisema paa, na hilo halina ubishi. Baada ya kimbunga Hidaya cha Mei 2024, mnunuzi mjanja anatazama juu kwanza.

Upepo huanzia pembeni, unaingia chini ya bati na kulinyanyua. Msumari laini wa bati huchomoka; kwa hiyo ni skrubu za inchi 3 zenye mpira, kwenye mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni. Kingo zote na kwenye kofia (bati la kileleni mwa paa): kila wimbi. Katikati: wimbi moja ndiyo, moja hapana. Ukikaza mpaka mpira ubinuke, patavuja.

Kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) ndiyo kazi yenyewe. Kila moja ifungwe kwa ukanda wa chuma wa mabati unaopita chini ya linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha). Ukiufunga kwenye tofali la juu tu, kenchi inaondoka na tofali lake. Waya wa kufungia nondo usiutumie, chumvi ya bahari inaula (fundi atakuambia unatosha). Papi (mbao zinazopigiliwa bati) nazo zishikwe kwenye kenchi kwa vipande vya ukanda huohuo.

Paa la baraza litenganishwe na la nyumba, ili likiruka liende peke yake.

Pigeni picha kanda hizo za chuma kabla ya dari kufungwa. Mnunuzi haoni kilicho juu ya jipsamu.

Rangi imebaki mwisho, makoti mawili tu.