Naomba ushauri: filamu ya muuaji aliyepoteza kumbukumbu, nina milioni sita na nusu

Kamera ya Ngamiani

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mpiga video za harusi hapa Tanga, huu mwaka wa tisa. Nimeweka akiba kwa miaka miwili, nikaongeza mgao wangu wa kikoba, nimefikisha shilingi 6,500,000. Nataka kutengeneza filamu ya mapigano ya saa moja na nusu. Kamera ninayo, taa mbili ninazo, kompyuta ya kuhariria ninayo. Waigizaji ni vijana wa kikundi chetu cha maigizo, wamekubali kulipwa kidogo sasa na nyingine filamu ikiuzwa.

Hadithi ni hii. Alfajiri moja mvuvi wa Pangani anamkuta mtu amelala mchangani, nguo zimelowa, ana jeraha kichwani. Hajui jina lake wala alikotoka. Wanamwita Mgeni. Anapokelewa na mjane anayeuza samaki, Mama Rehema, mwenye binti wa miaka saba. Mgeni anapata nafuu, anasaidia kuvuta nyavu, mtoto anamzoea. Kisha wanakuja watu wawili na pikipiki wanamuulizia. Mwisho inajulikana kwamba yeye ni muuaji wa kukodiwa, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kumuua mume wa huyo huyo Mama Rehema.

Skripti ina kurasa 84. Nusu ya kwanza naipenda sana. Nusu ya pili inaninyima usingizi. Mgeni anapigwa gongo la kichwa, kumbukumbu zote zinarudi kwa mkupuo, halafu yanafuata mapambano matano ya risasi hadi ndani ya Mapango ya Amboni. Nikiisoma naona hadithi inafia pale gongo linapotua. Na bunduki zenyewe sina. Mwaka juzi tulipiga filamu fupi kwa bastola za plastiki, watu wakakimbia wakidhani ni majambazi, tukalala kituoni mpaka asubuhi. Binti mmoja wazazi wake walimkataza kuigiza tangu siku ile, na alikuwa na kipaji kuliko sisi wote.

Kumbukumbu zimrudie vipi mtazamaji aamini? Risasi nifanyeje? Na hela hii niielekeze wapi zaidi?

Steringi Hafi

Hongera mkuu, hadithi ina damu. Ombi langu moja tu: usiondoe mapigano. Sisi tuliokulia vibanda umiza tunalipa tukaone mtu akipigwa ngumi. Filamu nyingi za nyumbani watu wamekaa kwenye makochi wanagombana kuhusu mirathi, na hapo ndipo vijana tulipowakimbia.

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, mimi ni muuguzi, nimekaa sana wodi ya majeruhi. Gongo la pili halirudishi kumbukumbu, linaongeza jeraha. Wagonjwa niliowapokea wamegongwa na bodaboda, wanachosahau ni ajali yenyewe na saa chache kabla yake, pengine siku kadhaa. Halafu wanashindwa kushika mapya. Anakuuliza, "Dada, nimefikaje hapa?" Unamjibu. Baada ya dakika tano anakuuliza tena kwa sauti ile ile. Lakini jina lake analijua, na mama yake akiingia anamlilia.

Mtu kusahau jina na maisha yake yote, huku anaongea na kula na kufunga vifungo vya shati vizuri, ni nadra. Na mara nyingi chanzo chake ni mshtuko wa nafsi, jambo lililomzidi uwezo wa kulibeba, akili ikafunga mlango. Sasa rudi kwenye hadithi yako. Jeraha la kichwa analo, na kijiji kizima kidhani ndilo lililomsahaulisha. Wewe mwandishi ujue kwamba usiku ule kuna kitu alikiona. Ukikipata hicho kitu, nusu yako ya pili umeipata.

La pili. Kuna Mmarekani, Henry Molaison, ambaye kwa miaka mingi vitabu vilimwita H.M. tu. Mwaka 1953 alipasuliwa ubongo kutibu kifafa, akatoka hawezi kuweka kumbukumbu mpya. Mtaalamu Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Kadiri siku zilivyokwenda akawa mzuri zaidi, na kila siku aliona ni kazi ngeni kabisa kwake. Mkono ulijifunza, mwenye mkono hakujua. Yupo pia Mwingereza Clive Wearing, mwanamuziki, ambaye maradhi ya ubongo yalimfutia karibu kila kitu mwaka 1985, lakini ukimkalisha kwenye piano vidole vilikwenda vyenyewe. Mgeni wako afanywe hivyo. Kichwa kitupu, mikono inajua.

Bi Mwanaisha

Mwanangu, mimi ni mtu wa Pangani, na nakwambia kwa mapenzi: hadithi yako imevunjika kabla ya hilo gongo. Mjane hampokei mwanamume asiyemjua akalala nyumbani kwake. Kama mumewe amekufa karibuni yuko eda, miezi minne na siku kumi, hatoki wala hapokei wanaume. Ukituonyesha hivyo sisi wa pwani tutazima televisheni.

Mpe Mama Rehema baba mkwe, mzee mvuvi. Mzee ndiye aliyemkuta mchangani, na Mgeni alale kwenye banda la nyavu la mzee. Na mume asijulikane kuwa amekufa. Ijulikane tu alitoka usiku na dau lake hakurudi. Hapo mama anangoja, mzee anangoja, na Mgeni anavuta nyavu kwenye nafasi ya mtoto wa mzee. Mimi nikiwaza hilo peke yake mwili unanisisimka.

Na hiyo mikono anayosema nesi, usiipe bunduki, ipe kisu cha jikoni. Unajua sisi tunakata kitunguu mkononi, juu ya sufuria, kisu kinakuja kuelekea kidole gumba. Mgeni aombwe asaidie. Akishike kisu ncha ikitazama chini, mpini umekamatwa ngumi nzima, dole gumba limeuziba kwa juu. Hakuna mpishi anayeshika kisu hivyo. Mama Rehema aone, asiseme neno. Aendelee kuchochea moto, kisha amwite mtoto kwa sauti ya kawaida kabisa: "Rehema, njoo upande huu unipepetee mchele." Na usiku ule asukume kinu nyuma ya mlango kabla ya kulala. Mwanamke angejua mapema kuliko Mgeni mwenyewe.

Kamera ya Ngamiani

Bi Mwanaisha, shikamoo. Nimesoma mara tatu. Eda nilikuwa nimeisahau kabisa, na mimi mwenyewe nimekulia nyumba yenye mjane. Asante sana.

Nesi, nimekaa na swali lako tangu jana: alikiona nini? Nafikiri alimwona mtoto. Mama kaenda kukesha kwenye harusi, baba yuko na mtoto nyumbani. Muuaji anaingia, anamtoa baba kwa kisu mpaka ufukweni, wanapakia dau. Lakini kabla ya kutoka chumbani anainama kuokota kitu, na chini ya kitanda kuna macho mawili yanamtazama. Je, mtoto hatasema?

Nesi wa Zamu

Anaweza asiseme. Wapo watoto wanaoacha kuongea kabisa baada ya tukio kama hilo. Kijiji kitadhani amenyamaza kwa sababu baba hajarudi. Na chini ya kitanda gizani aliona nini? Miguu, na kivuli cha uso. Muache asiwe na hakika, ila mwili wake umuogope Mgeni siku za mwanzo.

Na kumbukumbu zirudi pale pale zilipofungiwa. Siku moja watoto wanacheza kombolela, Mgeni anamtafuta Rehema, anainama chini ya kitanda kile kile. Macho yale yale. Basi. Gongo la nini?

Fundi Sauti

Kuhusu hela: iende kwenye sauti. Mtazamaji husamehe picha yenye giza, ila sauti inayokwaruza hasamehi hata dakika moja. Robert Rodriguez alipotengeneza El Mariachi kule Ciudad Acuña, Mexico, kwa dola 7,000 hivi, alikuwa na kamera moja, akaweka kiti cha magurudumu cha wagonjwa mahali pa reli za kamera. Sauti alizirekodi baada ya kila pigo la picha, waigizaji wakirudia maneno yao pale pale, kisha akazipachika wakati wa kuhariri. Midomo ilipopishana na maneno, alikata akaonyesha kitu kingine. Filamu ikatoka 1992, na kasi yake ile ya kukata picha kwa sehemu ilitokana na shida hiyo.

Wewe una tatizo la bahari. Mawimbi yatakula maneno yote. Sini za mazungumzo ufukweni zipige maji yakiwa yamekupwa, bahari ikiwa mbali, na angalia kalenda ya maji kupwa na kujaa ili ujue saa. Ukianza sini maji yamekupwa ukaimaliza yamejaa, hutaweza kuiunganisha. Maiki ivishe kifuniko cha manyoya, upepo wa pale hauna huruma.

Sauti za mapigano tengeneza nyumbani. Ngumi: kipande cha nyama ya ng'ombe kibichi ubaoni, kipige kwa kiganja. Mfupa kuvunjika: vunja muwa karibu na maiki. Mtu kuangushwa: kanga iliyolowa, irushe sakafuni. Rekodi kila moja mara ishirini uchague.

Wakili Kijana

Mkuu, usirudie ya mwaka juzi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inakutaka uwe na kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kupiga picha, na filamu ikikamilika uipeleke ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Anza sasa. Kisha barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, nakala polisi wilayani, ukitaja tarehe na saa. Sare za polisi usivae bila ruhusa ya maandishi. Ukitaka kurusha droni, kuna kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Bunduki halisi isikanyage lokesheni, hata ukiambiwa haina risasi. Mwigizaji Brandon Lee alikufa mwaka 1993 kwa bunduki ya kuigizia huko North Carolina. Mwaka 2021 mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa New Mexico na bunduki waliyoamini ni salama. Wale walikuwa na wataalamu wa silaha na bajeti kubwa.

Steringi Hafi

Hapa kwenye risasi nakubali. Ila ngumi jamani.

Kocha wa Msambweni

Ngumi zitakuwepo, ila liwe pambano moja la maana. Nafundisha judo na nimewahi kuwapanga vijana kwenye video za muziki. Wale wawili wa pikipiki wanakuja usiku, Mgeni yuko bandani. Banda jembamba, nyavu zimening'inia, taa ya chemli moja. Dakika mbili tu. Mazoezi wiki mbili, kwanza kwa mwendo wa kutembea, mpaka kila mtu ajue mguu wake unatua wapi.

Kamera ikae nyuma ya bega la anayepiga. Ngumi ipite shubiri moja mbele ya kidevu, kamera haitaliona hilo pengo. Anayeuza pigo ni anayepigwa: shingo igeuke ngumi inapopita kidevu, si kabla. Mchanga ufukueni kina cha kiwiko sehemu za kuangukia, mtoe chaza na vipande vya chupa kwa mikono. Na tengeni laki mbili za matibabu ambazo hamzigusi kwa kitu kingine.

Jambo moja zaidi. Mgeni apigane vizuri kupita kiasi, kisha asimame ajitazame mikono. Hapo ndipo pambano lenu litazidi la kwenye filamu za milioni mia.

Kijana wa Makindye

Naandika kutoka Kampala. Hapa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? na kuitoa 2010 kwa pesa kidogo sana, dola mia mbili ndizo zinazotajwa. Bunduki zao zilichongwa na kuchomelewa na majirani, moto na damu viliongezwa kwenye kompyuta, na watu wa mtaani ndio waigizaji. Ikatazamwa dunia nzima. Ninachokisifu kwao ni kwamba mtaa mzima ulijua kinachoendelea, hakuna aliyekimbia. Ushirikishe kijiji kabla ya siku ya kwanza, walipeni wavuvi muda wao wa kutokwenda baharini.

Kamera ya Ngamiani

Wakuu, sina namna ya kuwashukuru. Nimefuta kurasa 31 za mwisho. Amboni imetoka, mapambano matano yametoka. Bunduki inaonekana mara moja tu, imefungwa kwenye kitambaa, na hailii.

Hela nimeigawa upya: milioni moja na nusu sauti, kukodi kinasa na maiki na fundi wa siku tisa. Milioni mbili waigizaji, chakula na nauli za watu kumi na mmoja. Laki sita wavuvi wa pale kijijini. Laki mbili za kocha hazigusiki. Iliyobaki ni vibali, usafiri na dharura.

Mwisho nimeuandika usiku wa kuamkia leo. Mgeni amekumbuka. Anamkuta mzee anashona wavu, anakaa mbele yake, anamwambia dau la mwanawe lilipo. Mzee haachi kushona mpaka amemaliza tundu lile alilolianza. Kwenye dakika hiyo sitaweka muziki.

Bi Mwanaisha, nina ombi. Binti anayeigiza Mama Rehema ni wa mjini, anakata kitunguu kwenye kibao. Naweza kumleta umfundishe?

Bi Mwanaisha

Mlete Jumamosi baada ya adhuhuri, nipo nyumbani. Na huyo anayeigiza Mgeni aje pia, akae mbele yake amtazame akikata. Ajue kisu kinashikwaje, ndipo ataweza kukishika vibaya.